Siti ya nyuma ya Corolla 100: shajara ya matengenezo, Ujiji

Jumamosi, 8 Juni

Leo nimeianza kazi ambayo nimekuwa nikiiahirisha tangu mwaka jana. Gari ni Corolla AE100 ya mwaka 1993, sedani, injini 5A. Tuliinunua mkononi kwa mtu wa Kibirizi aliyekuwa akibebea magunia ya dagaa. Injini haina neno, giabox haina neno. Tatizo ni siti ya nyuma. Kikalio kimeinuka kushoto na kulala kulia, na kati ya kikalio na mgongo, upande huohuo wa kushoto, kuna mwanya unaomeza kiganja. Ukikaa, kila tairi likiingia shimoni unateleza kidogo kuelekea mlango wa kulia, mpaka unajikuta umeuegemea.

Anayekaa pale ni Mama. Nyonga inamsumbua, kwa hiyo hukaa nyuma apate kunyoosha mguu. Kila safari hubeba khanga moja ya ziada, nami mwaka mzima nimekuwa nikidhani ni ya kujifunika. Jana tulipotoka Mwanga niliiokota sitini: imekunjwa mara nne na kubanwa bapa kama daftari. Nikamuuliza, "Mama, hii ya nini?" Akasema, "Ya kusawazishia, mwanangu. Siti yako inanimwaga." Alikuwa akiisukuma chini ya paja la kulia asafiri amekaa sawa. Usingizi ulichelewa kuja usiku ule.

Jumatatu ya tarehe 17 ni Idd, na tumeahidi kumpeleka Mwandiga kwa mama mkubwa. Nataka siti iwe imenyooka kabla ya siku hiyo.

Kabla ya kugusa chochote nimepima. Nimejaza tairi upepo sawa zote nne, nikaegesha kwenye sementi ya baraza, nikaweka pima maji juu ya vizingiti vya milango ili nijue gari lenyewe limesimama sawa. Limesimama. Halafu nikapima kwa tepu kutoka kizingiti hadi ukingo wa mbele wa kikalio: kulia sentimita 28, kushoto 31.5. Tofauti ya 3.5. Mwanya wa nyuma: kulia nusu sentimita, kushoto 4.

Nimeandika dhana yangu hapa ili nisiigeuze baadaye: sponji imekufa upande wa kulia.

Jumapili, 9 Juni

Nimetoa kikalio. Kwa asiyewahi kuifanya kazi hii: kikalio cha Corolla hii hakina bolti mbele. Chini ya ukingo wa mbele kuna kulabu mbili za waya mnene zinazoingia kwenye klipu mbili za plastiki sakafuni. Unaingiza vidole chini ya ukingo, karibu kabisa na kulabu, unavuta juu kwa mkupuo, upande mmoja kwanza kisha wa pili. Ukivuta katikati unapinda fremu. Ya kulia ikatoka vizuri, ta! Ya kushoto ikagoma. Nilipomulika tochi nikaona hakuna klipu kabisa. Kulabu imefungwa na waya wa kufungia nondo, mizunguko mitatu, umepitishwa kwenye tundu la sakafu lililochanika na kuwa kubwa kama sarafu. Nikaukata kwa plaizi.

Chini yake nimekuta vichwa vya dagaa vilivyokauka hadi kuwa unga, sarafu tatu, na doa pana la mawese lililoshikana na vumbi jekundu mpaka kapeti imekuwa ngumu kama ngozi mbichi. Kuna dumu liliwahi kuvuja hapa. Na vifungio viwili vya mikanda, vimelala chini ya kikalio. Maana yake kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekaa nyuma akafunga mkanda, hata angetaka. Hilo limenisumbua kuliko siti yenyewe.

Nikakiweka kikalio barazani kwenye sementi, nikabonyeza kona moja moja. Kimetulia, hakichezi. Nikapima unene kulia na kushoto kwa rula ndefu na ubao: tofauti haifiki nusu sentimita. Sponji haijafa. Dhana ya jana naikata kwa mstari.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepeleka kikalio kwa fundi siti pale Mwanga ili nipate jicho la pili. Akakigeuza, akapapasa springi zote, akasema nzima. Kisha akasema, kama nataka, ataongeza sponji upande wa kulia, siti ionekane sawa, 25,000 na leoleo naondoka nayo. Ni fundi mwaminifu na alikuwa akitafuta njia ya kunisaidia. Lakini kikalio kizima kikiongezwa kiraka kitakuwa kibovu kweli, na kulabu ya kushoto itabaki inaelea. Nimemshukuru, nikamlipa elfu mbili ya kukagua, nikarudi.

Jumanne, 11 Juni

Jioni amekuja fundi wa kuchomelea kutoka Gungu. Akaliona tundu lililochanika sakafuni, akasema jibu ni dogo: kipande cha bati, nukta nne za welding, klipu mpya, kazi imekwisha. Na alikuwa na mashine yake kwenye bajaji.

Hapa nataka niandike kirefu, maana mtu mwenye gari kama hili anaweza akakubali pasipo kufikiri. Kwenye Corolla hii tenki ya mafuta iko chini kabisa ya siti ya nyuma. Ukiondoa kikalio unaona kifuniko cha bati cha duara, chini yake ndipo zilipo pampu na geji. Kutoka kwenye kifuniko hicho hadi kwenye tundu langu ni shubiri moja na vidole vinne. Bati la sakafu ni jembamba, na joto la kuchomelea linapita upande wa pili mara moja. Kinacholipuka si petroli iliyotulia, ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na tenki iliyobaki na lita tano ina mvuke mwingi kuliko iliyojaa. Juu ya hayo mpira wa kifuniko changu umekauka, na ukisogeza pua unasikia harufu.

Nikamwambia fundi siwezi. Akasema basi tenki ishushwe kwanza, na hapo alisema kweli, ndiyo njia pekee ya kuchomelea mahali pale. Lakini kushusha tenki ya gari la miaka 30, na bolti zilizoliwa na kutu, kwa ajili ya klipu ya plastiki inayozuia tu ukingo wa mbele usiinuke? Hapana. Tutatafuta njia isiyo na moto. Alielewa, tukanywa chai, akaondoka.

Baada ya yeye kuondoka nimekaa nikilitazama tundu lile. Kitu kimoja hakiniingii akilini. Klipu ikivunjika, ukingo wa mbele unaweza kuinuka. Sawa. Lakini kwa nini nyuma kuwe na mwanya wa sentimita 4? Klipu ya mbele haisukumi mgongo wa siti.

Jumatano, 12 Juni

Imepatikana. Na aliyeiona ni mpwa wangu wa darasa la sita.

Alikuwa ndani ya buti na tochi akinisaidia kutafuta soketi iliyodondoka. Akaita, "Mjomba, mbona huku juu mdomo mmoja umefunga?" Nikaingiza kichwa.

Mgongo wa siti hii unashikwa hivi: chini kuna bolti mbili zenye kichwa cha 12. Juu hakuna bolti, kuna kulabu za waya nyuma ya mgongo zinazoning'inia kwenye ndimi za bati zilizokatwa na kukunjwa kutoka kwenye ukuta unaotenga siti na buti. Ulimi wa kulia umesimama wazi, kulabu imekaa ndani yake. Ulimi wa kushoto umelala bapa ukutani, umebanwa kabisa, hata ukucha hauingii. Kulabu ya kushoto haikuwa ndani ya kitu chochote. Ilikuwa imeegemea juu ya ulimi uliolala, imechora mstari mweupe kwenye rangi, mstari wa miaka.

Nikafungua bolti mbili za chini, nikainua mgongo wima kwenda juu, nikautoa, na hadithi yote ikasomeka ukutani. Mwenye gari alikuwa akiondoa siti yote ya nyuma ili apakie magunia. Magunia yakaegemea ukuta, na barabara ya Kibirizi ikayagonga-gonga hapo siku hadi siku mpaka ulimi wa kushoto ukalala. Alipotaka kuuza akarudisha siti. Kulabu ya kushoto haikuwa na pa kuingia, mgongo ukabaki umesogea mbele upande huo. Kikalio nacho kina waya wa nyuma unaotakiwa kupita chini ya mgongo. Mgongo ukiwa umekaa vibaya, waya huo haupati njia, kikalio kinabaki mbele na juu. Kikiwa mbele, kulabu yake haifiki kwenye klipu. Mtu akailazimisha kwa goti, klipu ikavunjika na bati likachanika. Ndipo ukaja waya wa nondo.

Kwa hiyo ubaya ulianzia juu, kwenye kipande cha bati kisichozidi upana wa vidole viwili, na sisi sote tulikuwa tunatibu chini: mimi na sponji yangu, fundi siti na kiraka chake, fundi wa kuchomelea na bati lake. Nimempa mpwa wangu heshima yake. Jina lake limeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa stoo.

Alhamisi, 13 Juni

Kuuinua ulimi. Nimeitumia asubuhi nzima kwa kitu hiki kimoja na sijutii.

Bati la namna hii likikunjwa mara moja kiwandani halina shida. Likilazwa na kuinuliwa tena ndipo linapokatika kwenye kona. Ukichomeka bisibisi na kukaba kwa hasira, ulimi unabaki mkononi. Nimechonga kabari mbili za mninga, moja nyembamba kama kisu cha mkate, ya pili nene. Nikafungua betri kwanza, nikahakikisha hakuna nyaya nyuma ya pale. Kisha kabari nyembamba, nyundo ndogo, kugonga kidogo, kusubiri, kugonga kidogo. Ulimi ulipofunguka milimita tatu nikabadili kabari. Mpwa wangu akashika tochi na kuniambia kila rangi ilipopasuka, na kila mahali rangi ilipopasuka nilisimama kuangalia kama ni rangi tu au ni bati.

Saa tano mwanya ukafikia milimita 8. Nikalinganisha na ulimi wa kulia kwa kupima na shina la bolti. Sawasawa.

Halafu nikatafuta ufa. Njia ni ya kizamani: unapaka mafuta ya taa kwenye kona, unasubiri, unafuta mpaka pakauke, unasugua chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanajitokeza na kuchora mstari kwenye chaki. Kona ya chini ilitoa mstari mwembamba kama unywele, milimita nne hivi. Nimetoboa tundu dogo la milimita 2.5 kwenye ncha yake ili ufa usiendelee kutembea. Nikakata kipande cha bati la milimita 2, nikakikunja kifuate umbo la ulimi, nikakifunga kwa nyuma upande wa buti na bolti mbili ndogo, washa na nati. Hapa nimekubali kutoboa kwa sababu ni ukutani, juu na mbali na tenki. Tena uimara wa hapa si wa urembo. Gari likisimama ghafla, mgongo wa siti ndio unaozuia mzigo wa buti usimfikie aliyekaa.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeanza baada ya swala. Nimekwangua mawese kwa kipande cha kioo, nikaosha kwa maji moto na sabuni ya unga mara nne. Kapeti imelainika ila doa halitoki. Chini ya doa bati halikuwa na kutu hata kidogo, mawese yamelilinda, wakati pembeni ambapo hayakufika kutu imeanza. Brashi ya waya kwa mkono, msasa, rangi nyekundu ya kuzuia kutu, milango wazi hadi jioni.

Tundu la mbele nimelifunika kwa sahani ya bati ya milimita 1.5, saizi ya kiberiti, yenye tundu la kipimo cha klipu katikati. Nimeibandika kwa gundi ya chuma, ile ya kuchanganya mirija miwili, baada ya kusugua bati mpaka ling'ae pande zote. Haina moto wala haitoboi kitu juu ya tenki. Klipu nimeipata kwenye Corolla 110 iliyokatwa, pale gereji ya Gungu, elfu moja. Ina mkwaruzo lakini inang'ata. Mpya nimeagiza Dar.

Usiku nikijiandaa kwa kesho nimekuta jambo jingine, na hili linatisha. Bolti za vifungio vya mikanda: moja haifanani na mwenzake. Bolti za mikanda ya gari si za milimita kama bolti nyingine za Toyota. Ni za inchi, kipenyo cha 7/16, meno 20 kwa kila inchi, na utazikuta hivyo kwenye magari ya nchi nyingi. Hiyo moja ilikuwa bolti ya kawaida ya milimita 10. Kwa kuwa 7/16 ni milimita 11 na kidogo, bolti ya 10 inaingia ndani ya tundu, inajifanya imeshika kwa sababu ya kutu na uchafu, lakini meno hayakutani. Nimeichomoa kwa vidole. Kwa vidole! Angefungwa mtu pale, siku ya ajali mkanda ungetoka na bolti yake.

Jumamosi, 15 Juni

Asubuhi na mapema nimerudi Gungu kwenye ile 110, nikafungua bolti yake ya mkanda kwa mkono wangu mwenyewe. Nikasafisha tundu langu kwa brashi ndogo na mafuta ya taa, nikaingiza bolti kwa vidole tu mizunguko ya kwanza. Ikazama laini mpaka chini, meno yote. Fundi mmoja wa malori ameniazima spana ya kupimia mkazo, nikakaza bolti zote za mikanda kwa 42 Nm kama kitabu cha Toyota kinavyotaka.

Kurudisha siti kuna mpangilio, na mpangilio huu ndio kazi yenyewe. Mgongo kwanza. Unauinua juu kidogo ya mahali pake, unausogeza nyuma, unaushusha wima. Kulabu zote zikaingia, nimemtuma mpwa wangu butini ahakikishe kwa macho kabla sijakaza chochote. Bolti mbili za chini kwa mkono. Kisha vifungio vya mikanda vivutwe juu, vilale mbele ya mgongo, visimezwe tena. Kisha kikalio: waya wa nyuma uingie chini ya mgongo, sukuma hadi uhisi umegota, na kifungio cha katikati nacho kitokeze kwenye nafasi yake. Mwisho ukingo wa mbele, goti la kulia, ta! Goti la kushoto, ta!

Sauti ile ya pili sijawahi kuisikia kwenye gari hili.

Vipimo: kulia 28, kushoto 28.3. Mwanya nyuma: nusu sentimita pande zote mbili. Povu la pima maji limetulia kati ya mistari.

Jumatatu, 17 Juni

Tumetoka Ujiji baada ya swala ya Idd. Mama alikuja na khanga yake imeshakunjwa tayari. Akaingia, akaisukuma chini ya paja la kulia kama kawaida, nikaona kwenye kioo akijisogeza, akajisogeza tena. Sikusema kitu. Nilimfunga mkanda mimi mwenyewe, akauliza kama ulikuwepo siku zote, nikamwambia ulikuwepo chini yake.

Tulipopita Gungu aliitoa khanga, akaikung'uta, akajifunika miguu. Hadi Mwandiga mkono wake haukushika mpini wa mlango. Tulipofika alimwambia mama mkubwa, "Leo sikumwagwa."

Jioni nimepima upya: kushoto 28.2. Siti imejikalia kidogo. Nimerudia bolti ya chini kushoto, ikakubali robo zunguko. Ulimi nimeupaka chaki tena, hakuna mstari mpya. Bado mpira wa kifuniko cha pampu, na klipu ya Dar haijafika.